Jaa na kisima: kwa nini karatasi moja ya maabara haimalizi ubishi

Kila masika ikianza, Malindi ubishi ni ule ule. Mtu atatuma picha ya maji ya kisima yamegeuka rangi, mwengine atatia video ya jaa limelowa na maji meusi yanachuruzika kando ya njia, na hapo grupu lote linawaka: jaa limeingia visimani, watoto wataugua, kaunti imelala. Siku mbili hazijapita atatokea mtu na karatasi ya maabara inayosema maji "yanafaa kwa matumizi", upande wa pili nao watatoa yao inasema "hayafai", na basi, watu wanaanza kuulizana nani kahongwa. Lakini karatasi zote mbili zaweza kuwa za kweli na bado hakuna hata moja iliyojibu lile swali. Manake swali la watu si "maji haya yako vipi leo?" Swali ni "je, jaa ndilo linaloyaharibu?" Hayo ni maswali mawili mbali mbali, la kwanza lajibiwa na chupa moja ya maji, la pili halijibiwi na chupa moja hata ukaipeleke maabara gani.

Hebu tuanze na maneno kwanza ili tusipotezane njiani. Jaa kila mtu analijua, ukilitaja Malindi wengine watafikiria Casuarina, wengine Mayungu. Hilo ni jaa la wazi, yaani taka zinamwagwa juu ya ardhi kama ilivyo, zinapigwa moto, zinamwagwa nyengine juu. Kuna aina ya pili, dampo la kisasa, ambalo kabla ya lori la kwanza kumwaga taka chini kunashindiliwa udongo wa mfinyanzi, juu yake inatandikwa karatasi nene ya plastiki, halafu kunawekwa mabomba ya kukusanya maji machafu yatolewe yakasafishwe. Ukisoma mtandaoni kuhusu majaa ya Marekani ama Ulaya mara nyingi wanazungumzia hilo la pili, na hata hilo linachimbiwa visima vya kulichunguza, kwa sababu plastiki hutoboka na mfinyanzi hupasuka. Sasa letu ambalo halina hata shuka la chini?

Maji ya ardhini nayo si mto unaopita chini ya nyumba kama wengi wanavyodhani. Ni maji ya mvua yaliyoshuka yakajaa kwenye vijitundu vya mchanga na kwenye nyufa za mwamba, na yanatembea, polepole lakini yanatembea, kuelekea pahali pa chini zaidi, na kwetu sisi mara nyingi hapo ni baharini. Kisima ni dirisha tu la kuyachungulia yakipita.

Na maji yanayotoka jaani yenyewe yanatokea vipi? Chukua nazi iliyokunwa, itie kwenye kifumbu, mimina maji, kamua. Mwanzo linatoka tui zito, ukimimina tena latoka jepesi, tena na tena, mpaka unabaki na machicha ambayo hata hivyo ukiyamiminia maji bado yanatoa weupe weupe. Jaa ni vivyo hivyo, taka ndo nazi, mvua ndo maji ya kukamulia, na kinachochuruzika chini wataalamu wanakiita lichati, mimi nitayaita maji ya jaa. Tofauti ni kwamba nazi unaikamua mara tatu ukaenda zako kupika, jaa linakamuliwa na kila masika na kila vuli miaka nenda miaka rudi. Jaa likiwa changa, maganda ya matunda na mabaki ya samaki na vyakula vya mahoteli vinaoza kwa fujo, maji yanayotoka yanakuwa na asidi, na asidi hiyo inayeyusha vyuma vilivyomo humo humo kwenye taka, betri, makopo, simu mbovu. Baada ya muda wanashika usukani vijidudu vya aina nyengine, wale wanaotengeneza gesi ya methani, asidi inapungua, vyuma vingi vinatulia, lakini amonia inabaki, na yaweza kuendelea kutoka kwa miongo kadhaa. Ndiyo maana sheria za Marekani za mwaka 1991 kuhusu majaa ya taka za mijini zinataka jaa likishafungwa liendelee kuangaliwa miaka 30. Si miezi, miaka. Kwa hivyo jaa likihamishwa kutoka pahali fulani, watu wa pahali hapo hawajamaliza kazi.

Haya, maji hayo yakishuka yanakutana na nini? Hapa ndo Malindi ina mambo yake. Sehemu kubwa ya ukanda wetu wa pwani imekalia mawe ya matumbawe, yaani miamba ya zamani ya bahari iliyoachwa nchi kavu zaidi ya miaka laki moja iliyopita, na pahali pengine kuna mchanga juu yake. Mchanga una subira. Maji yanapita kwenye vitundu vidogo vidogo, sentimita kadhaa kwa siku, mara nyengine yafike mita moja hivi, na njiani vijidudu vingi vinanaswa ama vinakufa. Matumbawe hayana subira hiyo. Jiwe la matumbawe linaliwa na maji ya mvua kidogo kidogo mpaka linakuwa na nyufa na mapango madogo, na maji yakipata ufa yaweza kukimbia makumi ya mita kwa siku, hata mamia, bila kuchujwa na chochote. Yeyote aliyewahi kuchimba choo huku anajua, unapiga sururu jiwe gumu siku nzima halafu ghafla unapata tundu, unamwaga maji humo na huyaoni tena yameenda wapi. Ndo maana mtu akisema "kisima changu kiko mita 100 kutoka jaani, niko salama" mimi huuliza ni mita 100 za nini. Mita 100 za mchanga upande ambao maji hayaelekei ni mbali sana, mita 100 za jiwe lenye ufa upande ambao maji yanaelekea ni hapo jirani.

Hilo la upande ndilo kiini cha yote, na ndilo linalorukwa kila mara. Kabla hujapima uchafu lazima ujue maji yanatoka wapi yanakwenda wapi. Kulijua si uganga. Unahitaji visima vitatu visivyo kwenye mstari mmoja, unashusha utepe wa kupimia wenye kichwa kinacholia kikigusa maji, unaandika kina, halafu mpima ardhi anakupa urefu wa mdomo wa kila kisima kutoka usawa wa bahari ili utoe hesabu. Tuseme kisima cha magharibi maji yake yako mita 2.1 juu ya usawa wa bahari, cha kaskazini mita 1.8, cha mashariki mita 1.5. Maji yanatoka magharibi yanaelekea mashariki, basi. Angalia tofauti hizo zilivyo ndogo, ukikosea kupima mdomo wa kisima kwa nusu mita tu, mshale wako unageuka na ripoti nzima inakuwa ya uongo. Halafu mshale wenyewe hautulii. Hoteli ama vila iliyo na pampu kubwa ikivuta maji mchana kutwa yaweza kuyageuza maji ya jirani yaelekee kwake. Na pwani kuna bahari nayo, maji yakijaa, hasa wakati wa bamvua ambapo bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, visima vya karibu na ufuo navyo hupanda na kushuka, kwa kuchelewa kidogo. Ukipima kisima hiki maji yamejaa na kile maji yamekupwa umelinganisha vitu viwili visivyolingana.

Ukishajua mwelekeo ndo unaweka visima vya uchunguzi. Kwa uchache kimoja upande wa juu, yanakotoka maji kabla hayajapita chini ya jaa, na kadhaa upande wa chini, yanakotokea. Marekani kwa majaa ya taka za sumu kiwango cha chini kabisa kilichoandikwa ni kimoja juu na vitatu chini, na hapo wanakwambia mara nyingi havitoshi. Kile cha juu ndo shahidi mkuu wa kesi nzima. Kama maji ni mabaya kabla hata hayajafika jaani, jaa lina mshitakiwa mwenzake. Kama juu ni mazuri na chini ni mabaya, hapo sasa tuna la kuzungumza. Sasa niambie, katika zile karatasi zote zinazotumwa kwenye magrupu, umewahi kuona ngapi zinazoonyesha kisima cha juu? Mimi huona moja moja, za kisima cha mtu aliyelalamika, na huyo kwa kawaida ni wa chini ama wa pembeni tu.

Kisima cha uchunguzi si kama cha nyumbani. Ni bomba la plastiki gumu, jembamba, lililoshushwa kwenye shimo, na sehemu ya chini tu ndo ina vipasuo vyembamba vya kuingizia maji. Pembeni ya vipasuo wanamwaga changarawe safi, juu ya changarawe wanaziba kwa udongo maalumu unaovimba ukilowa, juu kabisa saruji, halafu kifuniko chenye kufuli. Yote hayo ni ili maji yanayoingia yawe ya kina kile kile kilichokusudiwa, si maji ya mvua yaliyoteremka kando ya bomba wala mtoto aliyetia jiwe. Kisima cha nyumbani ni wazi, ndoo na kamba yake vinalazwa chini pale pale wanapopita kuku, kamba inashuka na vyote. Ukikuta vijidudu vya kinyesi humo usikimbilie kulaumu jaa lililo mbali, angalia ndoo kwanza. Hata hivyo visima vya watu visiachwe, manake vile vya uchunguzi vinaeleza jaa linafanya nini na vya watu vinaeleza watu wanakunywa nini. Vyatakiwa vyote.

Twende kwenye mtego mkubwa wa pwani, chumvi. Vitabu vingi vya mambo haya vimeandikwa na watu wa bara, na huko dalili rahisi kabisa ya maji ya jaa ni kloraidi, yaani ile sehemu ya chumvi, kwa sababu haishikwi na udongo wala hailiwi na vijidudu, inasafiri na maji yenyewe. Kifaa cha kupima maji yanavyopitisha umeme kinaionyesha kwa sekunde. Sasa kitie kifaa hicho kwenye kisima cha Malindi. Bahari ina gramu kama 35 za chumvi kwa kila lita, na chini ya maji yetu baridi, yaani yasiyo na chumvi, kuna maji ya chumvi yanangojea. Maji baridi ni mepesi, yanaelea juu yake, na hesabu ya kitabuni inasema kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 za maji baridi chini yake. Maana yake ukivuta ukashusha maji kwa mita moja, chumvi chini nayo inapanda mita nyingi kukufuata. Kwa hivyo kisima kikigeuka chumvi baada ya jirani kuweka pampu kubwa, hilo si jaa, hiyo ni bahari imeitwa. Watu wengi sana huchanganya hapa. Maji yana chumvi, jaa liko karibu, basi jaa ndilo. Na kinyume chake pia kipo, mtu wa ofisini akikwambia "hiyo ni chumvi ya bahari tu" ili mazungumzo yaishe, naye hajathibitisha kitu.

Njia ya kuwatenganisha bahari na jaa ni kuangalia kundi la vitu pamoja, si kimoja. Tuseme kisima cha juu kina kloraidi miligramu 600 kwa lita na cha chini kina 650. Tofauti hiyo pwani haina uzito, bamvua tu yaweza kuileta. Lakini tuseme pia amonia juu ni 0.1 na chini ni 6, potasiamu imepanda kupita vile bahari ingeweza kueleza, boroni vile vile, na chuma na manganisi vimetokea ambapo havikuwepo. Hapo bahari imeachiwa huru. Amonia nyingi hivyo haitoki baharini. Chuma na manganisi hutokea kwa sababu uchafu unaooza unamaliza hewa yote iliyomo kwenye maji, na maji yasiyo na hewa yanayeyusha chuma kilichokuwa kimekaa kimya kwenye udongo, ukiyateka yanaonekana masafi kabisa, ukiyaacha kwenye beseni saa chache yanageuka rangi ya kutu. Ile picha ya maji mekundu ya kwenye grupu mara nyengine ni hii, na mara nyengine ni bomba la mtu lenye kutu, sasa utajuaje bila kupima?

Na bado kuna mshitakiwa wa tatu, ambaye hatumpendi kumtaja kwa sababu ni wetu wenyewe: choo cha shimo na karo la maji machafu. Mtaa wenye nyumba zimebanana na kila nyumba ina shimo lake kwenye jiwe la matumbawe unatia nitreti na vijidudu vya kinyesi ardhini kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Nitreti ni ile inayotakiwa isizidi miligramu 50 kwa lita kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, na ikizidi hatari kubwa ni kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, damu yake inashindwa kubeba hewa vizuri na anaanza kugeuka bluu midomoni. Choo huleta nitreti na vijidudu, jaa huleta zaidi amonia, chuma na vitu vinavyooza, ila amonia ikikutana na hewa njiani nayo hugeuka nitreti, kwa hivyo mbali na jaa alama zinaanza kufanana. Ndo uone kwa nini visima viwe kadhaa kwa umbali tofauti, ili uone amonia ikipungua na nitreti ikipanda kadiri unavyokwenda. Kwa maoni yangu mitaa mingi tunayolilia jaa, choo ndo kingetoka namba moja kama tungepima sawasawa. Hilo halilitoi jaa hatiani, lakini ukipeleka malalamiko ya jaa na ushahidi wa choo utarudishwa nyumbani mchana kweupe.

Risasi na zebaki nazo zinatajwa sana kwa sababu zinatisha, na kweli ni sumu, kiwango cha risasi kwenye maji ya kunywa ni miligramu 0.01 tu kwa lita. Lakini vyuma vizito vingi havisafiri mbali, vinashikwa na udongo karibu na pale pale jaani, hasa asidi ikishapungua. Kwa hivyo karatasi inayosema "hakuna risasi" haimaanishi maji ya jaa hayajafika. Wanaofika kwanza ni wale wasioshikwa na udongo. Ukitafuta risasi peke yake unamngojea mgeni wa mwisho.

Kuchota sampuli kwenyewe kuna adabu yake, na ndipo pesa nyingi zinapopotea bure. Maji yaliyolala kwenye bomba la kisima wiki nzima si maji ya ardhini tena, yamepigwa na hewa na joto, kwa hivyo unayatoa kwanza, kwa kawaida kama mara tatu ya ujazo wa kisima, ama unavuta polepole huku unaangalia kifaa mpaka joto, asidi na umeme vimetulia. Ndipo unachota. Chupa ya kupima vyuma inatiwa tone la asidi ili vyuma visigande kwenye kuta za chupa, na maji yanachujwa kwanza la sivyo unapima matope. Chupa ya vijidudu iwe imechemshwa, usiiguse mdomo ndani, itiwe kwenye boksi la barafu na ifike maabara siku hiyo hiyo. Ukichota asubuhi na kuizungusha juani kwenye bodaboda mpaka Mombasa jioni, vijidudu vingine vitazaana, vingine vitakufa, na namba utakayopata ni ya safari si ya kisima. Wanaojua kazi wanabeba pia chupa ya maji safi kabisa kutoka maabara, inakwenda nao na kurudi nao bila kutumika, ikipimwa ikakutwa na uchafu basi uchafu umetoka mikononi mwao. Chupa ya soda iliyosuuzwa ndo mimi huiona ikitumika, halafu watu wanagombana kwa sababu ya majibu yake.

Baada ya hapo ni subira. Kipimo cha kwanza hakikwambii chochote ila hali ya siku ile. Inatakiwa upime mara kadhaa, wakati wa kaskazi ardhi ikiwa kavu na wakati wa masika, na afadhali maji ya bahari yawe katika hali ile ile, upate ule mstari wa kawaida wa kila kisima, halafu ndo utaona kikitoka kwenye kawaida yake. Kwa majaa ya Marekani utaratibu wa kawaida ni mara mbili kwa mwaka. Kwetu kwenye jiwe lenye nyufa mimi ningesema mara nne, manake uchafu waweza kupita kwa wiki chache wakati wa mvua kubwa na ukija kupima mwezi wa nane umeshaenda baharini, unaandika "salama".

Kuna mambo yanasemwa sana nitayapitia haraka. Kuchemsha kunaua vijidudu, basi, nitreti na chumvi na vyuma vinabaki na tena vinakolea kwa sababu maji yamepungua sufuriani. Klorini ni hivyo hivyo, ni ya vijidudu tu. Kisima kirefu cha mashine si lazima kiwe salama kuliko kifupi, huku pwani ukienda chini sana unakutana na chumvi, na bomba lisipozibwa vizuri pembeni linakuwa ngazi ya uchafu wa juu kushukia. Kuchoma taka hakumalizi kitu upande wa maji, majivu yana vyuma na chumvi vilivyokolea, na mvua inayabeba kirahisi zaidi kuliko taka nzima. Na hili la kwamba maji ya mfereji ya Malindi nayo yametoka chini ya jaa halina msingi, maji hayo yanavutwa Baricho, kwenye visima vya kando ya mto Sabaki, mbali huko bara. Isipokuwa mfereji ukikauka kwa siku kadhaa na bomba lina ufa, maji machafu yaliyotuama pale nje yaweza kunyonywa ndani maji yanaporudi, kwa hivyo yale ya kwanza kutoka baada ya ukame wa mfereji mwaga.

Sasa nani anapaswa kufanya haya yote? Katiba ya 2010 imewapa kaunti kazi ya majaa na taka. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ndio wenye leseni za majaa na kanuni za taka na za ubora wa maji. Mamlaka ya Rasilimali za Maji inashughulika na maji ya ardhini na vibali vya visima chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Sheria ya taka ya 2022 nayo inataka taka zitenganishwe, zinazooza mbali na zisizooza, na hilo wengi wanaliona la usafi wa mji tu lakini ndo dawa ya maji pia, kwa sababu zinazooza ndizo zinazotoa asidi na amonia. Kipengele cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kuitisha habari zilizoko mikononi mwa serikali, kwa hivyo ripoti za maji ya jaa mwaweza kuziitisha kwa barua, si lazima mngojee baraza.

Mkiitwa kwenye baraza nalo, usiulize "maji ni salama?" manake utajibiwa ndiyo. Uliza maji ya ardhini hapa yanaelekea wapi na nani alipima. Uliza kisima cha juu kiko wapi na majibu yake ni yapi. Uliza amonia, potasiamu, boroni na manganisi zilipimwa ama ilikuwa kloraidi na risasi tu. Uliza walichota lini, na bahari ilikuwa imejaa ama imekupwa. Mtu aliyefanya kazi kweli atafurahi kuulizwa na atakuchorea ramani hapo hapo kwenye mchanga.

Na kama una kisima chako karibu na jaa ama karibu na pahali palipokuwa jaa, usingojee ugomvi. Kipimeni sasa kabla masika hayajaingia, wewe na jirani zako watatu wanne mchangiane, mmoja wenu awe yule wa upande wa juu hata kama yeye halalamiki. Andikeni tarehe, saa, na hali ya bahari. Mtoto mchanga akorogewe maziwa kwa maji ya Baricho ama ya kununua mpaka nitreti ijulikane. Kisima kijengeeni ukuta wa kiunoni na kifuniko, na ndoo ya kisimani iwe na msumari wake wa kutundikwa, isilale chini. Majibu yakija, hata yakiwa mazuri, msiyatupe, yatieni kwenye faili moja, manake bila hayo mwaka kesho maji yakibadilika hamtakuwa na cha kulinganishia.